Meno ya kufungwa au meno ya kuvua: nani atayaosha?



Swali letu limetoka kwa mama mmoja wa MUSO. Anauliza hivi: mtu asiye na meno, ambaye jamaa yake imechanga feza ya kumpandia implanti, achague meno yanayofungwa kinywani yasitoke tena, au achague meno yanayobanwa juu ya implanti lakini yanavuliwa na kuoshwa kila siku? Anaongeza kwamba amesikia watu wakisema yale ya kufungwa ndiyo meno ya kweli, na yale ya kuvua ni ya wale wasio na uwezo.

Mimi si munganga, ni mwalimu. Nimesoma juu ya jambo hili na nitalieleza kama ninavyoeleza somo ubaoni: kwanza kitu chenyewe, kisha tofauti, kisha namna ya kuchagua. Lakini jibu langu naliweka mbele ili asiyekuwa na nafasi ya kusoma yote alipate. Meno ya kuvua si meno ya daraja la pili. Kwa mama mwenye umri, hasa katika taya la chini, mara nyingi ndiyo yanayomfaa zaidi. Watu wanaulizana sana bei ya siku ya kwanza. Swali zito ni siku zote zinazofuata: nani atayaosha, na yakiharibika, nani atayatengeneza na wapi?

IMPLANTI NI KITU GANI

Jino lina sehemu inayoonekana na mzizi uliojificha ndani ya mfupa wa taya. Implanti inachukua nafasi ya mzizi. Ni kijiti kifupi cha madini yanayoitwa titani, kimechongwa kama visi ya seremala. Munganga wa meno anatia dawa ya ganzi, anatoboa mfupa kwa kipimo, kisha anakipanda humo. Mfupa unaota kukizunguka na kukishika.

Jambo hili lilianzia Uswidi. Profesa Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura katika miaka ya 1950. Alipotaka kuondoa vifaa vyake vya titani, alikuta vimeshikana na mfupa, havitoki. Mwaka wa 1965, katika mji wa Göteborg, alimpandia implanti mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya kinywa na taya. Larsson alikufa mwaka wa 2006, na implanti zake zilikuwa bado zinafanya kazi. Ni karibu miaka 40. Kwa hiyo si kitu cha majaribio cha jana.

Tuangalie neno moja ambalo linawachanganya wengi. Implanti si jino. Ni nguzo. Meno yanawekwa juu yake baadaye. Kwa kawaida munganga anangoja mfupa ushike: karibu miezi 3 kwa taya la chini, na hadi miezi 6 kwa taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Wako wanganga wanaoweka meno ya muda mapema zaidi, kama mfupa ni imara. Lakini mtu akikuambia kwamba utaingia asubuhi huna meno na utatoka jioni kila kitu kimekwisha kabisa, muulize vizuri anamaanisha nini.

NJIA MBILI

Nguzo zikishashika, njia zinagawanyika.

Njia ya kwanza ni meno ya kufungwa. Taya zima linahitaji implanti 4 hadi 6, mara nyingine zaidi. Meno yote yameunganishwa kuwa kitu kimoja kama daraja, na daraja hilo linafungwa kwa visi ndogo juu ya nguzo. Wewe mwenyewe huwezi kulitoa. Munganga peke yake ndiye anayelifungua. Njia ya kutumia implanti 4 tu, zile mbili za nyuma zikiwa zimelazwa kidogo, ilijulikana sana kwa kazi ya Paulo Maló wa Lisbon, kuanzia miaka ya 1990.

Njia ya pili ni meno ya kuvua. Yanafanana na meno ya kuvaa ya kawaida, yale ambayo wengi tunayaita dantie, yenye kipande cha rangi ya fizi. Tofauti iko chini yake. Kwenye taya la chini munganga anapanda implanti 2 tu, upande wa mbele, karibu na mahali palipokuwa na meno ya chonge. Taya la juu kwa kawaida linahitaji 4. Kila implanti ina kichwa kidogo, na ndani ya dantie muna kikombe chenye pete laini ya nailoni. Unasukuma kwa kidole, inabana, kama vifungo vile vya nguo ya mtoto mchanga. Ukitaka kuosha, unavuta inatoka. Pengine, badala ya vichwa viwili, munganga anaunganisha implanti kwa ufito mmoja wa chuma na dantie inabana juu ya ufito huo.

TOFAUTI KATIKA MAISHA YA KILA SIKU

Katika kutafuna, meno ya kufungwa yanashinda. Nguvu yote inabebwa na mfupa, hakuna kinachotikisika. Meno ya kuvua yenye implanti 2 yanaegemea fizi kwa nyuma, kwa hiyo yanaweza kucheza kidogo na mara nyingine mbegu ya nyanya inaingia chini. Lakini tusiyalinganishe na ya kufungwa tu. Tuyalinganishe na dantie ya chini isiyo na implanti, ile inayoelea juu ya ulimi, ambayo mama anaishikilia kwa midomo anapocheka kanisani. Hapo tofauti ni kubwa sana. Mtu aliyekuwa anaishi kwa uji na bugali laini anaanza tena kula sombe yenye nyama.

Katika sura, wengi hawajui kwamba yale ya kuvua yanaweza kushinda. Jino likitoka, mfupa uliolibeba unaanza kupungua, na taya la chini linapungua haraka kuliko la juu. Baada ya miaka mingi, mdomo na mashavu yanaingia ndani. Kipande cha rangi ya fizi cha dantie ya kuvua kinajaza pengo hilo na kusukuma mdomo wa juu mahali pake. Daraja la kufungwa haliwezi daima kufanya hivyo. Katika taya la juu, kama mfupa umekwisha sana, linaweza hata kuacha nafasi ndogo ambamo hewa na mate yanapita mtu akisema.

Katika kuosha, ndipo somo letu lilipo. Watu wanafikiri meno ya bandia hayaozi kwa hiyo hayahitaji usafi. Ni kweli, hayaozi. Lakini fizi na mfupa unaozunguka implanti ni vya mwili wako. Uchafu ukikaa pale, fizi zinavimba, zinatoka damu, mfupa unaliwa kidogo kidogo, na mwishoni implanti inalegea. Mara nyingi hakuna maumivu makali ya kukuonya.

Meno ya kufungwa yanaoshwa yakiwa ndani ya kinywa. Unapaswa kupitisha uzi maalum wa meno na burashi nyembamba chini ya daraja, nguzo kwa nguzo, kila siku. Kazi hiyo inataka macho yanayoona, vidole visivyotetemeka, kioo, mwanga na uvumilivu. Inataka pia kwamba uzi na burashi zile zipatikane mahali unapoishi. Meno ya kuvua unayatoa, unayasugua juu ya beseni kwa burashi laini na sabuni, bila maji ya moto kwa sababu yanaweza kupinda. Kisha unasugua vichwa viwili kinywani kama meno ya kawaida. Usiku unayaweka katika kikombe cha maji safi ili fizi zipumzike. Hata umeme ukikatika, kazi hiyo inafanyika kwa mwanga wa mshumaa.

Katika matengenezo, kila upande una mzigo wake. Pete za nailoni zinachakaa, wengine wanazibadilisha karibu kila mwaka, lakini ni kazi ya dakika chache na kifaa ni kidogo. Dantie yenyewe inahitaji kujazwa tena chini yake fizi zinapopungua. Daraja la kufungwa linasumbua mara chache, lakini likivunjika au visi yake ikikatika, inahitajika mtu mwenye ujuzi na vifaa vya aina ile ile.

Kuhusu bei, siwezi kukuandikia hesabu hapa, kwa sababu kila kituo kina yake. Lakini hesabu ya shule ya msingi inatosha. Implanti 2 ni nusu ya 4, na ni theluthi ya 6. Ongeza kwamba daraja la kufungwa ni kazi ndefu zaidi ya ufundi kuliko dantie.

WALIOVAA ZOTE MBILI WALISEMA NINI?

Huko Montréal, nchini Kanada, walifanya jambo ambalo mimi kama mwalimu nalipenda. Hawakuwauliza watu maoni juu ya kitu wasichokijua. Walichukua watu 15 wasio na meno ya chini, na kila mmoja alivaa aina zote mbili kwa zamu, za kufungwa na za kuvua, juu ya implanti. Mwishoni kila mtu aliambiwa achague atakayobaki nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1994: watu 8 walichagua ya kufungwa, watu 7 walichagua ya kuvua. Waliochagua ya kufungwa walitazama zaidi uimara na kutafuna. Waliochagua ya kuvua walitazama zaidi urahisi wa kuosha.

Nane kwa saba. Kama meno ya kuvua yangekuwa ya maskini tu, kwa nini karibu nusu ya watu waliyataka wakati wangeweza kubaki na yale mengine?

Mwaka wa 2002, katika mji huo huo, wataalamu walikutana kwenye Chuo Kikuu cha McGill wakakubaliana kwamba, kwa mtu asiye na meno ya chini, dantie ya kuvua iliyoshikwa na implanti 2 ndiyo inapaswa kuwa shauri la kwanza, kabla ya dantie isiyo na implanti. Mwaka wa 2009 wenzao walikutana York, Uingereza, wakasema vivyo hivyo.

KINYWA NI CHA NANI?

Sasa niseme juu ya jamaa, kwa sababu hapa kwetu mtu hachagui meno peke yake.

Najua jamaa moja ambamo watoto walikaribia kukosana kwa ajili ya meno ya mama yao. Yaya yao yuko Ulaya. Aliahidi kutuma feza, na alitaka ya kufungwa, juu na chini. Alisema: mama yetu hatavua meno mbele ya wakwe. Binti anayeishi na mama hapa alitaka ya kuvua, kwa sababu alijua kwamba feza hiyo ikitoka yote, wajukuu wawili watakaa nyumbani mwaka mzima bila kulipiwa masomo. Yaya alimwona dada yake kuwa mchoyo. Dada alimwona yaya kuwa mtu wa kujionyesha. Simu zikapigwa hadi usiku. Kila mmoja alimpenda mama. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Siku walipomwuliza, mama alijibu kwamba vidole vyake vina ugonjwa wa viungo, hata kuvuta uzi kwenye sindano anaomba mjukuu. Akasema: "Nataka meno ninayoyaona ninapoyaosha." Juu ya wakwe akasema kwamba mlango wa chumba chake una kufuli. Walimwekea implanti mbili chini, na juu akapata dantie ya kawaida. Watoto wakarudi shuleni.

Jambo lile la dantie ya kawaida juu ni busara ambayo wengi hawaijui. Kaakaa ni pana, na dantie ya juu inalishika kwa kunyonya, kwa hiyo watu wengi wanaishi nayo vizuri bila implanti yoyote. Taabu kubwa ni ya chini, ambako nafasi ni nyembamba na ulimi unasukuma kila wakati. Jamaa yenye feza kidogo inaweza kuiweka yote chini.

Tena kuna jambo ambalo watoto hawapendi kulifikiria. Mama atazeeka zaidi. Siku moja anaweza kulala kitandani, mkono mmoja umepooza, au akili imeanza kusahau. Dantie ya kuvua, mjukuu yeyote anaweza kuitoa na kuiosha. Daraja la kufungwa, mtu mwingine atalazimika kuingiza uzi na burashi kinywani mwa mgonjwa kila siku. Nani katika nyumba yako atafanya hivyo, na mama atakubali afanyiwe na nani? Mwanake? Mkwe wake?

Simwambii kila mtu avae ya kuvua. Mama mwenye miaka 45, mwenye vidole vyepesi na macho mazuri, anayesimama mbele ya watu kila siku, ambaye hawezi kabisa kuvumilia wazo la kuvua meno, na ambaye ana munganga wa kumrudia bila shida, kwake ya kufungwa ni chaguo zuri. Lakini achague kwa sababu hizo. Asichague kwa sababu jirani alisema ndiyo ya heshima.

WANAOPASWA KUNGOJA KWANZA

Kuna watu ambao munganga mwaminifu atawaambia wasubiri, njia yoyote wanayoichagua. Mwenye ugonjwa wa sukari ambayo haijatulizwa, kidonda chake hakiponi vizuri. Anayevuta sigara, mfupa wake unashika kwa shida. Aliyepigwa mionzi ya kutibu kansa kichwani au shingoni, na anayekunywa dawa fulani za kuimarisha mifupa, lazima aseme kabla ya chochote. Na mwenye meno yake machache yanayoweza kutibiwa asikubali yang'olewe kwa haraka ili apewe implanti. Jino lako lililotibiwa vizuri linastahili kulindwa.

Tujihadhari pia na wale wanaobandika jino la plastiki kwa gundi au kulifunga kwa waya kwenye jino zima la jirani. Halisafishiki, fizi inaoza chini yake, na mara nyingi jino zima nalo linapotea.

MASWALI YA KUBEBA

Kateni sehemu hii muiweke ndani ya kitambulisho cha mama. Kabla ya kulipa, muulizeni munganga haya, na mwandike majibu:

1. Mfupa wangu unatosha? Umeona wapi? Lazima kuwe na picha ya radio. Kutazama kwa macho hakutoshi.

2. Bei uliyonitajia inahesabu nini? Picha, kupanda, meno ya muda, meno ya mwisho na kurudi kuangaliwa ni vitu vitano. Bei ya implanti peke yake si bei ya kutafuna.

3. Nitarudi mara ngapi, katika miezi mingapi? Anayevuka mpaka kwenda kutibiwa Kigali au Kampala ahesabu kila safari: gari, karatasi za njia, mahali pa kulala na mtu wa kumsindikiza.

4. Naomba nionyeshwe kuosha, na mimi mwenyewe nijaribu mbele yako. Kama vidole vyako vinashindwa pale penye mwanga mzuri na munganga karibu, nyumbani vitashindwa zaidi.

5. Kikiharibika kifaa, nani hapa mjini anaweza kukitengeneza?

6. Naomba karatasi yenye jina la mtengenezaji wa implanti na vipimo vyake. Hii msiisahau. Vifaa vya mtengenezaji mmoja mara nyingi haviingii kwa mwingine. Bila karatasi hiyo, munganga mwingine atakuwa kama fundi aliyepewa kufuli bila ufunguo. Ihifadhiwe pamoja na vyeti vya jamaa, na mtoto mmoja awe na picha yake katika simu.

Baada ya kazi kumalizika, kuangaliwa angalau mara moja kwa mwaka si anasa. Katika MUSO yetu tunayo sanduku la msaada wa kijamii. Mama anayeweka franka kidogo kila juma kwa ajili ya pete za nailoni na burashi hatakopa siku zitakapochakaa. Tulijadiliane katika mkutano wa juma lijalo, na yule mama aliyeuliza swali aje na binti yake.

Mwalimu wenu.